Kibao cha Mlango wa Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua imekukuta mzima, na kwamba Mama anakusomea bila kuruka mistari, maana jicho lako halitaki tena kusoma. Mama, shikamoo nawe, na hii usiiruke. Sisi hatujambo. Kaka anapasua macho ya watu kutwa nzima, na bado anapoteza miwani yake mwenyewe.

Kaka kaniambia umeahirisha tena kutolewa mtoto wa jicho. Eti hutakanyaga hospitali uliyoiongoza mpaka ujue nani anakalia kiti chako, na akiwa si daktari, bora upofu. Baba, nakuheshimu, lakini hapo unamkomoa nani? Jicho ni lako.

Najua kinachokukera. Enzi zenu Mganga Mkuu alikuwa mpasuaji aliyeota mvi, basi. Siku hizi wakurugenzi wanatoka kwenye uhasibu, sheria, hata uuguzi, na wamesomea uendeshaji wa hospitali. Nilipokwenda kuisomea shahada hiyo, uliwaambia wageni sebuleni kwamba binti yako anasomea kupanga viti. Walicheka sana. Mimi niliwamiminia chai, lakini iliniuma, na bado inaniuma. Wewe ulikuwa fundi wa kisu, hakuna abishaye. Ila mshika mawili, moja humponyoka. Ukiwa unapasua, dawa ya usingizi ilikuwa inaisha stoo, na sisi wauguzi ndio tuliowarudisha wodini wagonjwa walioshinda na njaa bure.

Ulimtaka Kaka agombee. Kaka akakataa, akasema akihamia ofisini macho ya watu atamwachia nani. Ndiye aliyenisukuma niombe. Kwenye usaili, mzee mmoja wa bodi aliniuliza nitawaamrishaje madaktari na mimi nimezoea kuwaitikia. Nilimjibu kwamba aliyewaitikia miaka yote anawajua kuliko wanavyojijua.

Basi Baba, kiti chako nimekikalia mimi, tangu Jumatatu. Radhi yako naitaka, ila msamaha siombi.

Fundi alipokuja kubandua kibao cha “Mganga Mkuu”, aliuliza aandike nini. Bodi ilitaka “Mkurugenzi” tu. Nilimwambia atangulize neno lile ulilokuwa ukiniitia korido nzima ukitaka glavu, “Sista”. Akadhani namtania. Nikasimama pale mpaka akaliandika.

Majirani wote wasalimie, hasa wale waliocheka sebuleni. Nafasi yako ni Alhamisi asubuhi, na foleni utapanga kama wengine. Kaka ndiye atakayekupasua. Bandeji ikifunguliwa, pita mlangoni kwangu usome kibao mwenyewe. Mtoto wa jicho akishatoka, labda mtoto wako utamwona.

Mwanao, mtiifu kwa mengine yote,
Sista