Hesabu Iliyomfanya Bibi Akatae Kwenda Shinyanga

Bibi Mshauri mpendwa,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri katika kitubio nililiruka nikamtajia sukari niliyoilamba: mimi nimemhukumu bibi yangu kufa, na nimemhukumu kwa hesabu ya kugawanya. Nisaidie, maana yeye ameipokea hukumu kwa furaha na hataki kukata rufani.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, wa upande wa Bukombe, nimemaliza shule ya Masista mwaka huu, na muda wote wa masomo nilikaa bwenini kwao, nyumbani nikija likizo tu. Ni mtu wa haya sana, nikiwasalimia watu wazima shikamoo yangu huishia mdomoni, na mama husema nimefundishwa kuandika ili nisiwe na haja ya kusema. Ndiyo sababu nakuandikia.

Ilianza na gazeti lenu. Mlichapa maneno ya tabibu mmoja kwamba katika Tanganyika nzima, katika kila watu mia wanaokufa, wanaokufa kwa saratani, yaani ule uvimbe mbaya unaokula mwili, ni wawili tu. Nikajiuliza, je, kwetu ni wangapi? Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa hesabu, na tangu nirudi nyumbani hakuna aliyeniuliza hesabu yoyote isipokuwa kuku wameingia wangapi. Nikaona kazi yangu ndiyo hii, nitawahesabu wafu wa eneo letu wa miaka miwili, niwalinganishe na wa nchi nzima, kisha niwaletee ninyi mchape, na Masista watasoma na kusema, huyu alikuwa wetu.

Basi nikaanza kuuliza, kwa sauti yangu hiyo hiyo ndogo. Baada ya Misa nikamwuliza Mama Scolastika wa kwaya kama amewahi kuona mtu aliyekufa kwa uvimbe, akaniambia, "Pantaleo, mwanangu, mtu wa Mungu yule! Shingo ilivimba ikawa kama ya fahali, mwaka jana hiyo." Nikamhesabu. Siku nyingine tukibangua karanga nikamwuliza mke mmoja kijana, akainamisha macho akasema, "Baba Coletha. Shingo ilikuwa mpaka hapa, uji haupiti." Nikamhesabu. Nikapita kwa mzee Apolinari na wenzake waliokuwa wakikaza ngozi za ngoma zao, akapiga goti lake akasema, "Mageni! Nani atapiga ngoma tena kama Mageni? Shingo ndiyo iliyomwua, mwanzo tulimcheka tukadhani ameumwa na nyuki." Nikamhesabu naye, nikaona ajabu kwamba ugonjwa wa kwetu unapenda shingo. Halafu akaongezeka mwanamke mmoja aliyeletwa kwa machela kutoka Uzinza kwa mganga wetu mwenye sifa akafia hapo, na mwingine wa kwetu aliyeugua tumbo, na mmoja wa mwaka juzi. Mama Zipora aliyekatwa uvimbe wa titi na tabibu wa Shinyanga nilimwacha, kwa kuwa hakufa, siku niliyokwenda kwake alikuwa juu ya paa la jiko akiezeka mwenyewe huku akimsema mumewe kwa uvivu.

Jumla waliokufa kwetu ni thelathini, na wa uvimbe ni sita. Sita katika thelathini ni ishirini katika mia. Mara kumi ya nchi nzima, Bibi Mshauri! Tena mwaka juzi alikufa mmoja, na mwaka jana watano, kwa hiyo ugonjwa unapanda. Mungu anisamehe, niliona fahari, nikaruka ruka peke yangu nyuma ya ghala.

Wiki ile ile nilikuwa namwogesha bibi, mama wa mama yangu, kwa sababu mikono yake haifiki mgongoni, na mkono wangu ukagusa kitu kigumu kwenye titi lake, kama karanga ndani ya ganda.

"Hiki nini, bibi?"

"Hiki ni changu. Wewe sugua mgongo."

"Kimeanza lini?"

"Karanga zilipotoa maua. Na ukimwambia mama yako, mke mwenzangu, nitakufa leo leo nikuache na aibu."

Bibi huniita mke mwenzake kwa utani wa bibi na mjukuu, maana anasema babu ni wetu sote wawili ila mimi sijaanza zamu ya kupika. Nikamwambia twende kwa Sista wa dawa, na akituambia twende mbele twende mpaka kwa tabibu wa Shinyanga. Akanigeukia, povu la sabuni likiwa masikioni.

"Wewe ndiye msomi. Vitabu vinasemaje juu ya kitu hiki?"

Na mimi, ambaye sijui kusema uongo, nikamweleza hesabu yote.

"Mara kumi?" akasema. "Sisi?"

"Ndiyo, bibi."

"Hata watu wa Kahama hawatufikii?"

"Sijawahesabu, bibi."

"Usijisumbue, hawatufikii. Na mwaka huu watakuwa wangapi?"

"Mwaka juzi alikuwa mmoja, mwaka jana watano."

Akahesabu vidole vyake, akaomba kuazima vyangu, akavimaliza pia. "Basi mwaka huu ishirini na watano! Nitakuwa na wenzangu wa kupiga nao soga njiani. Mayo wee, mtu hapandi gari moshi kwenda kuikimbia zamu yake."

Tangu siku hiyo bibi anajiandaa, na watu wanadhani ni uchangamfu wa uzee. Amegawa vyungu vyake. Amemchagua mbuzi wa matanga, kisha akambadilisha kwa sababu wa kwanza ana macho ya kusikitisha. Ananifundisha kumlilia, tunakwenda kuteka maji huku ananisahihisha, "Paza sauti, hivyo ni kilio cha mtu aliyejikwaa!" Juzi alimwambia babu atafute mke mwingine mapema kabla bei haijapanda, babu akacheka mpaka akakohoa, kwa kuwa hajui kitu. Hakuna anayejua isipokuwa mimi. Na mimi ndiye ninayeona kwamba bibi akimaliza kuchekesha watu hugeuka pembeni akakifunika kile kijiwe kwa kiganja, kama mtu anayefunika taa isizimike, na kimekua, sasa ni kama njugu mawe.

Nimembembeleza, amekataa. Kila nikisema Shinyanga ananijibu kwa hesabu yangu mwenyewe. Nimefikiri kumwambia kwamba nilikosea, lakini nimeirudia mara tatu na haikukosewa, na kusema uongo ni dhambi, na kumdanganya bibi ni dhambi mbili. Je, ni halali kusema uongo juu ya hesabu ili mtu apande gari? Na kama si halali, nifanye nini, nimtazame tu akichagua mbuzi?

Nakuomba sana usitaje jina langu wala la bibi. Na ninyi wasomaji mtakaosoma haya, nawaomba kila mmoja kwa nafasi yake, msimwambie mtu.

Msichana Mwenye Haya, Bukombe

*

JIBU

Pole, mwanangu. Barua yako niliisoma nikicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini, kisha nikafika pale bibi anapokifunika kijiwe kwa kiganja, nikaacha kucheka. Siri yako ninayo. Majina yote hapo juu nimeyabadili na kijiji nimekifuta, na wasomaji wetu watanyamaza kadiri wasomaji wanavyoweza.

Unauliza kama ni halali kumwambia bibi yako kwamba hesabu imekosewa. Ni halali kabisa, kwa sababu imekosewa.

Kugawanya umegawanya vizuri, Masista wasikasirike. Ulichokosea ni wafu. Hao wanaume wako watatu wa shingo, wote wa mwaka mmoja, uliwahi kuuliza makaburi yao yako wapi? Nenda kaulize leo, na nadhani utaonyeshwa kaburi moja. Pantaleo ni jina la ubatizo, na mtu wa kwaya hana jingine la kumwita. Mageni ndilo jina alilopewa na mama yake, nalo ndilo wapiga ngoma wenzake wanalolijua. Na huyo mke kijana aliyeinamisha macho akakwambia "Baba Coletha" bila shaka ni mke wa mwanawe, sasa ulitaka amtaje mkwewe kwa jina, mdomo uoze? Mimi ni mtoto wa mjini, wazee wangu walitoka pwani, nikaolewa na Msukuma, na mpaka leo sijalitamka jina la baba mkwe wangu. Ameitwa kwa jina la mvua. Basi ikinyesha nasema, "Maji ya juu yameshuka, anueni nguo," na watoto wangu wanadhani ndicho Kiswahili. Wewe ni binti wa huko huko, desturi hiyo unaijua kuliko mimi. Lakini ulikuwa bwenini mzee huyo alipofariki, na ulipokuja kuuliza uliona haya kuuliza swali la pili, dogo tu: "Ni yupi huyo, mama?" Kwa haya hizo umemwua mzee wa watu mara tatu.

Na yule mama wa Uzinza, Mungu amrehemu, alikuja kwenu kwa mguu wa watu wengine ili atibiwe. Mahali penye mganga mwenye sifa hufia wagonjwa wa kila upande. Ukimweka katika hesabu ya kijiji chenu, basi na wageni wote wa arusi ni ndugu zako.

Sasa nasi gazetini tupokee fimbo yetu. Wale wawili katika mia tuliowachapa ni wa hospitalini, waliokufa mbele ya tabibu aliyeujua ugonjwa akautaja. Wanaofia nyumbani, nao ndio wengi, hakuna aliyewauliza kilichowaua. Tulipaswa kusema hivyo na hatukusema. Kwa hiyo uliweka wafu wa hospitali upande mmoja, na wafu wa midomo ya watu upande mwingine, ukapima kama viazi na mawe. Na huko kupanda unakokuona, mwaka juzi nani huko kwenu aliyekuwa akilijua neno saratani? Watu walikufa kwa tumbo, kwa kulogwa, kwa umri. Umekuja wewe na neno jipya, na kila mwenye uvimbe akavalishwa. Mwambie bibi hao ishirini na watano alioahidiwa kusafiri nao hawapo.

Lakini nikugombeze kwa jambo kubwa kuliko hayo. Ulipomkuta Mama Zipora juu ya paa ulimwacha, kwa kuwa hakufa! Binti, bibi yako hakukuuliza ni wangapi waliokufa. Alikuuliza vitabu vinasemaje juu ya kitu alicho nacho. Katika hesabu ya makaburi aliyepona hayumo, hata wawe elfu. Ulimpa jibu la swali ambalo hakuuliza, naye mwanamke mwerevu akalipokea kwa sababu lilimpa ruhusa ya kuogopa huku akicheka. Ndiyo, anaogopa. Mtu asiyeogopa hawafundishi wajukuu kilio.

Sikuahidi kwamba atapona. Si kila kijiwe ni saratani, na si kila saratani husikia kisu, na kati ya wewe, mimi na bibi yako hakuna anayejua kipi ni kipi. Ajuaye ni tabibu akikigusa, na kila wiki mnayocheka hapo nyumbani mnamwongezea kazi.

Kwa hiyo fanya hivi, wala usiniandikie tena kabla hujafanya. Kesho asubuhi nenda kwa Mama Zipora, umsalimie kwa sauti inayosikika, umshushe kutoka popote alipopanda umlete kwa bibi. Wewe toka nje, waache wanawake wawili watu wazima wafunguliane vifua na kuonyeshana. Wakimaliza, mwambie mama yako. Bibi atakutishia kufa papo hapo, mwache atishie. Siri ya kuchukiana na jirani itunze, siri ya uvimbe haitunzwi, hulelewa, nayo hukua. Sista wa dawa amwone siku hiyo hiyo. Akisema mbele, basi mbele: tafuteni lori la pamba liwafikishe Isaka, na pale mpande gari moshi la kwenda Shinyanga. Uende wewe mwenyewe, si mjomba, si kaka. Wewe ndiye unayemwogesha.

Nadhani bibi hajawahi kulisikia gari moshi likipiga honi kwa karibu. Litakapoingia stesheni atastuka, atasema amesahau kitu nyumbani, atasema kuku hawajafungiwa, atasema atakwenda mwakani. Mwitikie yote, "Ndiyo, bibi," kwa heshima zote. Ila usimwachie mkono.