Kurasa Nne za Mvushaji

Likasi, 13 Novemba 1970

Baba mpendwa,

Hapa mtaani Kikula sisi wazima. Mvua imeanza na paa bado linashika. Mguu wako wa kushoto je? Na lini utakuja kutuona?

Nakuandikia juu ya kile kitabu ulichokipa kikundi changu cha kusoma shuleni. Kila Alhamisi baada ya masomo tunasoma sura moja, tunabishana, kisha tunakula kitu cha msimu. Sasa ni masuku, matunda ya porini. Jana tulifika pale ambapo maji yanapanda, mvushaji ana nafasi ya mtu mmoja mtumbwini, na wawili wanamwita: ndugu yake, na mtu aliyemwibia. Nikafunua ukurasa. Hakuna! Kurasa nne za mwisho hazimo.

Kitabu kilikuwa kwa Delphine wiki nzima, na mama yake anauza karanga sokoni. Nikamwambia, "Mmefungia karanga." Akalia: "Hapana miye, Madame! Miye pia nataka kujua!" Nikamnyima masuku.

Mkurugenzi wa shule amesikia. Anauliza kurasa hizo zilisema nini hata zikaondolewa; anaogopa watu wa chama tawala watauliza kabla yake. Zisipopatikana kabla ya Noeli, anafunga kikundi. Baba, unaukumbuka mwisho?

Mwanao,
Emérance

Kambove, 20 Novemba 1970

Kwa binti yangu Emérance,

Barua imefika. Mimi ni mzima. Mguu unauma nikiupa nafasi.

Kurasa hizo nilizikata mimi, kwa wembe, mwaka wa 1953. Tazama karibu na mshono: mkato umenyooka. Mfunga karanga hakati hivyo. Ulihukumu kabla ya kutazama.

Kila kitabu nilichowasomea wanafunzi nilikiondolea mwisho. Kila mmoja aliandika wa kwake, ndipo nikafungua bati la biskuti nilimoweka kurasa na kuwasomea ule wa kitabu. Wewe hukujua, kwa kuwa ulisoma kwa masista.

Mwombe Delphine radhi mbele ya wenzake, umpe masuku yake. Kurasa zimo katika bahasha iliyobandikwa gundi, niliyoiambatanisha na barua hii. Isifunguliwe kabla watoto hawajaandika.

Likasi siji. Tangu tulipomzika mama yako sina ninachokitafuta huko.

Baba yako,
Joachim

Likasi, 4 Desemba 1970

Baba mpendwa,

Tunakushukuru, na mguu upoe. Nimeomba radhi. Delphine alikula masuku tisa, akasema, "Madame, hasira iliisha kwa la saba. Mawili ni matabishi." Ndivyo wanavyoita nyongeza ya sokoni.

Bahasha mkurugenzi aliichukua, akaichana, akasoma akiwa amesimama. Nikangoja. Mwishowe akauliza, taratibu: "Huyu mwizi, alimwibia nini?"

Anaujua mwisho, hajui mwanzo! Nikamwambia tunarudia sura ya kwanza Alhamisi. Jana alikuja, akaketi benchi la nyuma. Delphine amemkataza kuusema mwisho, naye ametii. Lakini mtoto akikisia jambo, wote wanageuka kumtazama usoni. Kikundi hakifungwi.

Watoto wanaandika wiki hii.

Mwanao,
Emérance

Kambove, 8 Desemba 1970

Kwa binti yangu Emérance,

Natumaini mko wazima. Mguu ni ule ule.

Watoto wameandika nini? Kwa miaka thelathini nilisoma miisho ya namna hiyo. Sasa mezani pangu hamna kitu. Nitumie yote.

Baba yako,
Joachim

Likasi, 11 Desemba 1970

Baba mpendwa,

Sote wazima. Pokea madaftari kumi na saba. Anza na la Delphine: mvushaji anashuka mtumbwini, anaukabidhi kwa mwizi, anamwambia, "Leo onyesha kama unajua kurudisha."

Akarudisha? Usinikasirikie, Baba. Ukurasa wa mwisho wa kila daftari nimeukata kwa wembe. Umo ndani ya bati kama lako, hapa nyumbani. Alhamisi ijayo ni zamu ya uyoga. Mkurugenzi amekuachia nafasi kwenye benchi lake.

Mwanao,
Emérance

Kambove, 14 Desemba 1970

Kwa binti yangu Emérance,

Leo mguu hauumi.

Mikato yako imepinda, yote kumi na saba. Alhamisi nakuja na wembe wangu, nikuonyeshe.

Bati lisifunguliwe kabla sijafika.

Baba yako,
Joachim