Heroe Wote wa Horini

Ami yangu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana siwezi kuanza bila ya kukuamkia.

Hesabu ya ndege ya baridi hii imekwisha. Najua ungetaka habari hiyo kabla ya habari za watu. Tulitoka mjini Sur baada ya sala ya alfajiri, wale wale wachache wa mtaani, na chupa ya chai ya majani ya zaatari. Ukungu ulikuwa umelala juu ya hori, ule mkono wetu wa bahari, hata maji hayaonekani. Nikasimama pale ulipokuwa ukisimama wewe. Ukungu ukaanza kuinuka kidogo kidogo, na ndani yake mna wekundu mwepesi, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Heroe, Ami. Baridi mbili uliwangojea hawakuja, na sasa wamekuja, wamelala wamesimama kwa mguu mmoja, na mimi sina hakika kama niko macho. Niligeuka nikwambie. Niligeuka kabisa, mdomo nimeshaufungua.

Chekeamwezi wamezidi. Yangeyange wamepungua, wewe ungesema wamealikwa harusini.

Mkeo, Bi Zuwena, alikuja pia. Ametoka eda juzi, na pahala pa mwanzo alipotaka kupelekwa ni hapo, si sokoni wala kwa jamaa. Alikaa kwenye kiti chako cha kukunja, baibui limelowa umande.

Halafu ikaja ile kazi yako ya kufunga hesabu, kuwasomea watu idadi. Idadi kamili kwako ilikuwa haisomwi. Kila mwaka ulimtoa ndege mmoja kabla ya kututangazia, ukasema, "Mmoja tumfiche, tusiwatie jicho," kama Bibi kule Unguja, akiulizwa ana watoto wangapi, anamruka kitinda mimba. Tulikucheka, lakini hakuna aliyethubutu kuiacha desturi hiyo. Safari hii karatasi ilikuwa mkononi mwangu na wote wananitazama. Niliogopa, Ami. Nikisoma wote, na mwakani heroe wasije, nitasema ni mimi niliyewatia jicho. Nikimtoa mmoja, nimtoe yupi? Tangu ulipokwenda kazi yetu ni kupunguza tu: sahani yako, kikombe chako, kanzu zako kabatini. Nimechoka kupunguza.

Nikamtazama mkeo. Akasema polepole, "Soma wote, mwanangu. Kila mwaka alimficha mmoja, na mauti yakamuona yeye. Soma wote."

Nikasoma wote. Kwenye heroe nilikwama, nikarudia tangu mwanzo.

Pumzika, Ami, Mola akunawirishie kaburi lako. Baridi ijayo, inshallah, nitampitia Bi Zuwena mapema, na darubini yako ataishika yeye. Ameshaniambia kuwa heroe atawahesabu mwenyewe, mpaka wa mwisho.

Mwanao,
Nasra