Mstari wa mbele, darasa la awali Ngenge

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kazi imeanza. Mimi na mwenzangu Philbert tumepewa kukagua madarasa ya awali ya shule za serikali, Muleba. Tunatakiwa tuone kama mtoto wa kila kabila na kila rangi anapata haki sawa na mwenzake. Nimemweleza Mama wakati akikanda unga wa kalimati. Akasema watoto wa miaka mitano wanajuaje kabila? Nikamwambia wao hawajui, wakubwa ndio wanaojua. Akacheka. Akanikumbusha nilivyoitwa "Mwarabu" hapa hapa Bakoba nilipozaliwa, ilhali bibi yangu ni Mhaya wa Kanyigo.

Jumatano, 5 Machi 2025
Ngenge. Darasa limepambwa, picha ukutani, watoto wasafi. Mwalimu Felicitas anapendwa – ukiona wanavyomng'ang'ania sketi utajua. Mimi walinishika nywele, mmoja akauliza kama ni za kweli.

Mstari wa mbele, kwenye benchi zuri, wamekaa watoto wanne wa wafugaji wa Kisukuma. Nikafurahi. Nikaanza kuandika sifa.

Ndipo mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Buberwa, akamwinamia mwalimu na kumwambia kwa Kihaya: hao wa ng'ombe wabaki hapo mbele mpaka huyu Mwarabu aondoke, kesho warudi kwao nyuma. Aliongea bila hata kushusha sauti! Kwa nini ashushe? Alidhani siwezi kuelewa Kihaya, lugha ya bibi yangu.

Nikafuta sifa.

Walitupikia ndizi na sato. Mimi nimefunga Ramadhani, Philbert ana majivu ya Kwaresima kwenye paji la uso, naye amefunga. Wenyeji wakatutazama kwa huzuni. Dereva wetu Privatus akala vya watu watatu, akasema dini zote zina baraka zake.

Alhamisi, 6 Machi 2025
Tumerudi bila kuwaarifu. Wale wanne wako nyuma kabisa, sakafuni. Somo linakwenda kwa Kihaya, hadithi ya sungura, wenzao wanacheka mpaka machozi. Wao wanne wanatazama midomo ya wanaocheka.

Mwalimu alinionyesha mmoja wao, Kwandu. Tangu Januari hajatamka neno. Huenda ana tatizo, alisema, na kamati imeamua arudishwe nyumbani mpaka mwakani. Alisema kwa uchungu wa kweli.

Mapumziko nikamfuata Kwandu uwanjani. Amepanga mawe, ndiyo ng'ombe wake, na anawaamrisha wenzake watatu kwa Kisukuma kama afande. Nikamwambia "mwangaluka", salamu yao, neno pekee la Kisukuma ninalolijua. Akaitikia. Kisha akamimina maneno, akidhani naelewa yote. Jiwe jekundu nadhani lilikuwa ng'ombe mgonjwa.

Nikamwita mwalimu aje asikilize. Akaja, akamsikiliza mpaka mwisho. Hapo nikamwambia, kwa Kihaya, kwamba jana nilisikia kila kitu.

Felicitas akakaa chini kwenye majani. "Mae, kumbe unajua Kihaya," akashangaa. Halafu akaanza kucheka, na kucheka kukageuka machozi kidogo. Alisema watoto ni wengi, yuko peke yake, na Kihaya ndicho kinachowatuliza wanaolia. Hakuwahi kuwaza kwamba wale wanne hawalii kwa sababu hawana wa kumlilia.

Nikamuuliza angependa tufanye nini. Akasema nimpe mpaka Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi 2025
Tumebishana na Philbert kuhusu ripoti. Yeye anasema nikiandika "ubaguzi" watamhamisha Felicitas, na Ngenge itabaki bila mwalimu wa awali kabisa. Wale wanne watafaidi nini? Mimi nasema nisipoandika, Kwandu anarudi kuchunga. Futari imepita, hatujapatana. Tumekubaliana jambo moja: tutaandika tulichokiona siku zote mbili, pamoja na kitakachofuata.

Jumatatu, 10 Machi 2025
Siku nzuri sana. Felicitas alimwalika Mama Kwandu darasani. Mwanamke mrefu, amejifunga khanga mpya, ana haya mpaka anaongea na dirisha. Akahesabu kwa Kisukuma, watoto wakamfuatisha. Walipofika "ibili" darasa likalipuka – ni ile ile ya Kihaya! Mjukuu wa Mzee Buberwa akapiga kelele kuwa Wasukuma wamewaibia mbili yao. Kwandu akamjibu kwa Kiswahili, mbele ya wote: "Ya kwetu." Maneno yake ya kwanza darasani. Felicitas alinishika mkono mpaka ukauma.

Benchi zimesogezwa ziwe duara. Hakuna nyuma tena.

Jioni habari zikamfikia mzee. Ameitisha wazazi.

Jumatano, 12 Machi 2025
Naandika mkutano ukiendelea, chini ya paa la darasa, mvua inanyesha. Wahaya wamekaa huku, wafugaji kule mlangoni. Mzazi mmoja amelalamika kwamba watoto watajazwa Kisukuma. Mwingine amesema mwanawe amefundisha nyumba nzima kuhesabu na wamecheka usiku kucha. Felicitas amesimama, amesema yeye ndiye aliyewakalisha sakafuni, asilaumiwe mwingine, na kwamba kuanzia sasa atafundisha kwa Kiswahili. Kuhusu Kwandu kubaki shuleni, amesema kamati ndiyo iseme.

Watu wote wamemgeukia Mzee Buberwa. Amenyanyuka polepole, amejikohoza. Ameanza kwa Kihaya, kwa neno lao la heshima, "Waitu..." Wale wa mlangoni wameinamisha vichwa, kama waliozoea kutoelewa.

Amekatiza hapo hapo. Amenitazama mimi, kisha amemtazama Mama Kwandu.

"Ndugu zangu," ameanza upya, kwa Kiswahili, "sogeeni ndani kwanza, mnalowana. Kisha tuongee habari za huyu mtoto –"