Kuta Bila Plasta

Mdogo wangu Rosa,

Hamjambo huko Bungoma? Kituo cha afya kwenye picha hii ya kadi kilichorwa ramani na Nekesa wangu, hapa Kariobangi! Jana alinipeleka kukiona. Niliwatangazia akina mama wote kwenye foleni kwamba mchoraji wa ramani ni binti yangu. Kisha nikaona kuta ni zege tupu, nikamtetea: “Mtuwie radhi, plasta na rangi zinakuja.”

“Mama, kimekwisha,” Nekesa akaninong’oneza. “Nilikitaka hivi, zege wazi na matundu ya kupitisha upepo.”

Mama mmoja akacheka: “Hata mamake anaona bado!”

Nekesa akainama. Aibu iliyonishika, Rosa!

Itundike kadi sebuleni. Mgeni akiulizia plasta, mwambie kimekwisha, na upepo unapita vizuri kwenye matundu ya kuta zake.

Nawapenda,
Mama Nekesa