Uwanja Nyuma ya Stesheni

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi na wanao. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimekwisha na kazi zako zinakwenda. Mimi mwili ni mzima. Mama naye anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, alisema nikuulize kama unakula vizuri, maana machoni pake wewe hujawahi kunenepa.

Najua bado una kinyongo nami. Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Mtu akishaambiwa na majirani kwamba mdogo wake ameitoa nyumba ya wazazi ili apandishwe cheo, ana haki ya kununa. Ndiyo maana nimeandika. Simu unaweza kuikata katikati ya neno, lakini barua hata ukiitupa, utarudi kuiokota.

Ule uwanja wa zamani wa mpira ulipopasuka jukwaa, manispaa iliamua kujenga mwingine. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alishaupenda mlima ule wa nje ya mji, kwa kuwa kuna nafasi ya kuegesha magari. Mimi na wenzangu wa idara ya usafiri tukatumwa kuwauliza mashabiki wangependa uwe wapi. Tulisimama getini kila siku ya mechi. Kaka, wenye magari walikuwa wa kuhesabika. Wengine wote walikuja kwa miguu, kwa basi au kwa treni. Fundi cherehani mmoja anayetembelea magongo aliniambia kwamba tukiupeleka uwanja mlimani, yeye atakuwa amestaafu ushabiki, na tumwandalie sherehe ya kumuaga. Tulicheka naye, lakini alipoondoka sikucheka tena. Mama mwingine akauliza mechi ikiisha jioni na mabasi yakiwa yamejaa, wanawe watarudi vipi kwenye barabara ile isiyo na njia ya miguu.

Tulipoweka majibu yote kwenye ramani, mahali palipokuwa karibu na watu wengi zaidi palikuwa nyuma ya stesheni, treni na mabasi yanapokutana. Yaani mtaani kwetu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi hadi mwenzangu akaja kuniuliza kama naumwa. Siku hiyohiyo nilimweleza mkuu wa idara kwamba nyumba yetu imo ndani ya eneo lile, akaniondoa kwenye kazi hiyo. Mwingine akaanza upya, akafika palepale. Hayo majirani hawakukusimulia.

Nilienda kwa mama nikiwa na maneno niliyoyapanga njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo, kisha akaniuliza goli litaangukia chumbani kwake au jikoni. Unamjua mama. Mtu aliyepewa jina la Mama Refa kwa kubishana na waamuzi toka jukwaani hawezi kushindwa na mzaha.

Kwenye mkutano wa wakazi watu walikuja juu. Wengi hawakutaka kuondoka, na mimi nilijibanza nyuma nikiomba mama asiseme neno. Akasimama. Alisema marehemu baba alikuwa akitoka kazini na kwenda kwenye mechi kwa miguu, na timu hii ni ya watu wa miguu. Ukiwawekea mbali, umewanyang'anya. Akasema kama ni nyumba yake inayozuia, basi waanze na yake. Jirani yetu mshona mazulia, aliyekulea wewe mgongoni, hakumsalimu mama tena hadi walipohama.

Siku ya kubomoa alifagia nyumba yote, mpaka uvunguni mwa vitanda ambavyo havikuwepo tena. Dereva wa tingatinga alizima mashine akamngoja amalize. Mimi niliona aibu nikataka kumshika mkono, akaniambia hawezi kuwakabidhi watu nyumba chafu.

Sasa tunakaa wote ghorofani, upande wa pili wa mji. Mwanzoni alitia chumvi kwenye chai, nikasema ni ugeni. Akaanza kuniita kwa jina la mama mdogo, nikasema ni uchovu. Kisha mchana mmoja mlinzi wa kule kwenye ujenzi alinipigia kazini. Mama alikuwa amesimama kwenye uzio wa mabati akiuliza nani amefunga mlango wake. Kutoka huku ghorofani alibadilisha mabasi mawili, na hakukosea hata moja. Nilipofika alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha mlinzi, amepewa maji, na wafanyakazi wamesimama mbali kidogo wamevua kofia zao. Alinilaumu kwa kuchelewa kurudi toka shule.

Kaka, nakuja kwenye jambo lenyewe, na kwa kukuambia nalivunja katazo la mama. Wiki hii alikuwa na asubuhi nzuri, akili imetulia. Nikamuuliza kama anajuta kusimama siku ile. Akaniambia kwamba kabla ya mkutano alikwenda kwa daktari peke yake, na daktari alimweleza wazi kuwa kumbukumbu zake zitamwacha, na hazitarudi. "Nilijua nitaisahau," alisema. "Nikaona heri niitoe kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa bado naijua, kuliko kuamka siku moja ndani yake nikauliza hapa ni kwa nani." Akanikataza nisikuambie, kwa kuwa ungeacha kazi uje. Kisha akaomba chai, na nilipoileta alikuwa ameshaniita tena kwa jina la mama mdogo.

Sitaki uje kwa ajili yangu. Kinyongo chako kibebe hivyohivyo, kiweke ndani ya begi pamoja na nguo, lakini njoo. Kuna siku anamweleza jirani kwamba mwanawe wa kwanza amechelewa tu kazini, atakuja kula, na anakuwekea sahani. Siku hizo bado anakutaja kwa jina. Jana alinitazama kwa muda mrefu, kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni, akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nikamwambia, wako. Akafurahi sana, akasema hakujua.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na waambie watoto shangazi yao anawakumbuka. Ukifika stesheni nitakuwa nakungoja pale nje.

Ni mimi, mdogo wako