Kifungo cha Uzi Mwekundu

Mjukuu wangu Zaina,

"Babu, kikionyeshwa kwenye televisheni ni kweli." Umeandika hivyo, nami nakataa. Bibi yako anakusalimu. Goti lake limepona.

Nilipokuwa fundi cherehani hapa Musinzira, niliamka alfajiri moja kumaliza koti la karani wa mjini Gitega. Uzi mweusi ukaniishia, nikashona kifungo cha mwisho kwa mwekundu. Asubuhi hiyohiyo akalichukua.

Jioni, kwa jirani, tukamwona kwenye televisheni ndani ya koti lile. Aliitwa mkulima wa Gashoho, kule mkoani Muyinga, akisifu mavuno ya huko.

Kaka yangu akaruka. "Basi maharage ya mama tusitume. Kule chakula iko!"

Mama, aliyeishi Gashoho, alikuwa ametuambia hawana kitu.

"We, tazama kifungo!" nikamwambia. "Huo uzi ni wangu. Huyu jembe analijua kwa jina tu."

Kesho yake gunia la maharage likapanda gari la Muyinga. Mama akatujibu: "Mmewahi."

Basi wewe na wenzako mnaoamini kila picha ya televisheni na ya simu, kabla ya kuniambia ni kweli, nitajieni aliyeshona koti.

Babu yako